Mahekalu ya mashambani Kambodia mwezi wa Agosti, pamoja na mama mwenye magoti mabovu

"Mimi na mama yangu (ana miaka 66, magoti yote mawili yanamsumbua ila anatembea mwenyewe) tutafika Siem Reap, Kambodia, katikati ya Agosti na tutakaa siku nne. Siku ya kwanza ni ya Angkor Wat. Siku tatu zilizobaki tunataka kwenda mashambani: Banteay Srei, Kbal Spean, Beng Mealea, Koh Ker na kijiji cha nyumba za nguzo kule ziwani. Rafiki yangu aliyewahi kufika anasema Agosti ni mvua tupu, tuahirishe hadi Januari. Kaka yangu anasema tukodi pikipiki tuokoe pesa, maana mimi naendesha kila siku hapa Mombasa. Mama naye amesikia kuna mabomu yaliyofukiwa ardhini na sasa hataki kabisa kutoka nje ya mji. Nimsikilize nani?"

Kwanza mfikishie mama shikamoo yangu, na umwambie kwamba kati ya wote watatu, yeye ndiye aliyeuliza swali zito zaidi. Nitalijibu kikamilifu. Lakini nikiitazama orodha yako, naona jambo linaloweza kuwaharibia safari halimo katika hofu hizo tatu. Ni kilomita. Umetaja sehemu tano kana kwamba zimepakana, na kumbe zipo pande tatu tofauti, na nyingine ziko mbali kweli.

Barabara ya kwanza inapanda kaskazini. Banteay Srei iko kiasi cha kilomita 35 kutoka mjini, na Kbal Spean iko mbele yake, karibu kilomita 50. Barabara ya pili inakwenda mashariki kwa Barabara Kuu Namba 6 hadi mji mdogo wa Dam Dek, kisha inakata kushoto. Beng Mealea iko yapata kilomita 65, na Koh Ker karibu kilomita 120, yaani saa mbili hadi mbili na nusu za gari kwenda tu. Ziwa la Tonle Sap liko kusini. Ukichanganya barabara hizi ndani ya siku moja, mtashinda ndani ya gari na kila hekalu mtalifikia saa sita mchana, jua likiwa kali na mabasi yamekwisha kushusha watu. Kwa hiyo kanuni ninayowapa ni hii: siku moja, barabara moja, na mtoke mapema.

Sasa mvua. Rafiki yako hakukosea kusema Agosti ni msimu wa mvua, alikosea kusema ni mvua tupu. Pepo zinazoleta mvua hizo ni za mfumo uleule unaowaletea nyinyi kusi pwani. Zikivuka ikweta hupinda kuelekea mashariki, zikabeba unyevu wa bahari hadi bara la Asia. Huko Kambodia asubuhi ardhi hupata joto, mvuke hupanda, mawingu hujijenga kuanzia saa sita, na mvua kubwa hushuka alasiri kwa saa moja au mbili, kisha anga hufunguka. Asubuhi nyingi huwa kavu. Miezi inayolowa zaidi ni Septemba na Oktoba. Ni kweli kwamba mara mojamoja mkia wa dhoruba kutoka Bahari ya China Kusini huleta mvua ya kutwa nzima, ndiyo maana msilipie kila kitu mapema. Acheni siku mbili za mwisho ziweze kubadilishana nafasi.

Na tuipime Januari kwa haki. Januari ni baridi kidogo, njia ni kavu, na mama hatatokwa jasho sana. Ila huo ndio msimu ambao dunia nzima iko pale, majaruba ya mpunga yamebaki mabua, na mito ya mlimani imepungua maji. Agosti majaruba ni kijani kibichi na wanawake bado wanapandikiza miche wakiwa ndani ya maji hadi magotini. Handaki za maji zinazozunguka mahekalu huwa zimejaa, na watu ni wachache. Kama tiketi za ndege mmeshanunua, msiahirishe. Kama hamjanunua na mama ana tatizo kubwa la kuteleza, basi mwisho wa Novemba hadi Februari kuna usalama zaidi kwa miguu yake. Aprili iepukeni kabisa, joto hukaribia nyuzi 40.

Mvua yenyewe haina tatizo kubwa kama kile inachokiacha. Mawe ya mahekalu hushika ukungu wa kijani mwembamba ambao ukikauka hauuoni na ukilowa unateleza kama sabuni. Viatu vya mama viwe vya kufunga, soli ya mpira yenye meno, si ndala wala kandambili. Chukueni makoti ya mvua ya plastiki badala ya mwavuli, kwa sababu mwavuli unamnyima mkono wa kushikia reli. Simu, pasipoti na tiketi ziingie kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga.

Kuhusu pikipiki, hapa kaka yako nampinga moja kwa moja. Kambodia watu huendesha upande wa kulia. Mtu aliyezoea kushoto hujisahau pale anapokata kona au anapoingia barabarani baada ya kusimama, na macho yake huangalia upande usio sahihi kwanza. Uzoefu wa miaka mingi wa Mombasa ndio unaokutega, maana mazoea hufanya kazi kabla ya kufikiri. Pili, kampuni ya bima ya safari itakuuliza leseni yenye daraja la pikipiki na kibali cha kimataifa cha udereva. Ukikosa kimojawapo, gharama za hospitali zinaweza kurudi kwako zote. Tatu, mama mwenye magoti mabovu kukaa nyuma ya pikipiki, miguu imekunjwa saa nzima, atafika Banteay Srei akiwa hawezi kushuka.

Siku ya kaskazini mnaweza kutumia tuktuk, ambayo kule kwa kawaida ni kibanda chenye viti viwili vinavyotazamana, kinachovutwa na pikipiki. Mama anaweza kunyoosha miguu kwenye kiti cha mbele yake, na upepo unapita. Kwa siku ya mashariki kodini gari dogo lenye kiyoyozi na dereva. Bei hubadilika, lakini tegemeeni kiasi cha dola 25 hadi 30 kwa tuktuk ya Banteay Srei, na dola 80 hadi 100 kwa gari la Beng Mealea na Koh Ker kwa siku nzima. Kabla ya kuondoka mwandikie dereva majina ya sehemu zote kwa mpangilio, mkubaliane saa ya kutoka, na muulize wazi kama bei imejumuisha mafuta, maegesho na muda wa kusubiri. Ugomvi mwingi wa jioni unatokana na hekalu lililoongezwa njiani bila kutajwa asubuhi.

Tuje kwa mama na mabomu yake. Hofu hii ina msingi wa kweli. Nchi ile ilipigana vita kwa takriban miaka 30, hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, na kila upande ulitega mabomu, mengi zaidi kwenye ukanda wa kaskazini-magharibi karibu na mpaka wa Thailand. Mwaka 1996 waliouawa na kujeruhiwa walizidi 4,000. Miaka ya karibuni idadi imeshuka chini ya 100 kwa mwaka, na wanaodhurika kwa kawaida ni wakulima wanaofungua mashamba mapya au watu wanaookota vyuma chakavu. Mahekalu yote uliyoyataja yana njia zilizosafishwa na zinazokanyagwa na wageni kila siku. Kilichobaki ni nidhamu: msitoke kwenye njia iliyokanyagwa, hasa Koh Ker na Beng Mealea, hata kwa kujisaidia, hata kwa picha. Mkiona kibao chekundu chenye fuvu, au vigingi vyekundu, hapo ndipo mwisho. Msiokote chuma chochote.

Na kuna habari itakayompa mama moyo. Baadhi ya wanaoyanusa mabomu hayo ni watoto wa Afrika Mashariki. Shirika la APOPO hufunza panyabuku katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kisha huwapeleka Kambodia. Panya hunusa kemikali ya baruti yenyewe, kwa hiyo hapotezi muda kwa misumari na makopo yanayokisumbua kifaa cha kutambua vyuma, na uzito wake ni mdogo mno kulipua bomu. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alitunukiwa nishani ya dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya huko. Alistaafu mwaka 2021 na kufa Januari 2022. APOPO wana kituo cha wageni Siem Reap, mnaonyeshwa panya akifanya kazi. Mpelekeni mama hapo siku ya kwanza alasiri, kabla ya safari za mashambani. Ataelewa zaidi kwa kuona kuliko kwa maneno yangu. Kwenye barabara ya Banteay Srei pia kuna Jumba la Makumbusho la Mabomu ya Ardhini lililoanzishwa na Aki Ra, aliyekuwa askari mtoto akayatega, kisha akatumia maisha yake kuyategua.

Jambo moja ambalo hamkuliuliza na linalohitaji umakini zaidi kuliko mabomu ya zamani: mwaka 2025 kulitokea mapigano kati ya majeshi ya Kambodia na Thailand kwenye mpaka, Julai na tena Desemba. Siem Reap iko mbali na mstari huo, lakini Koh Ker iko ndani ya mkoa wa Preah Vihear, ambao unagusa mpaka. Wiki moja kabla ya kuondoka someni tahadhari za usafiri za serikali yenu na za nchi mbili tatu nyingine, muulizeni na mwenye hoteli. Msipange kuingia kwa barabara kutoka Thailand. Njooni kwa ndege. Uwanja mpya wa Siem Reap, uliofunguliwa Oktoba 2023, uko upande wa mashariki, karibu saa moja kutoka mjini, kwa hiyo gari la kuwapokea liagizeni mapema.

Sasa niwapangie siku zenyewe.

Banteay Srei ndiyo nitakayoisifu bila kujizuia, na ndiyo inayomfaa mama kuliko zote. Hekalu hili liliwekwa wakfu mwaka 967, na mjenzi wake hakuwa mfalme. Alikuwa mshauri wa mfalme, aitwaye Yajnavaraha. Ni dogo, minara yake haizidi mita kumi, na njia ya kuingilia ni tambarare. Jiwe lake ni la mchanga, la rangi ya waridi, chembe zake ni laini na zimeshikana sana. Ndiyo sababu mafundi waliweza kulichonga kwa kina kama mbao, na ndiyo sababu makali ya michongo hayajafutika baada ya zaidi ya miaka 1,000. Linafunguliwa saa moja na nusu asubuhi. Tokeni mjini saa kumi na mbili na nusu. Hekalu linatazama mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi linapiga usoni mwake na rangi inawaka. Kuanzia saa tatu makundi ya watalii huanza kujaa, na sehemu ya ndani ni nyembamba.

Mkiingia ua wa ndani, tafuteni majengo mawili madogo yanayoitwa maktaba. Simameni mbele ya lile la upande wa kaskazini, uso wake wa mashariki, mtazame juu ya mlango. Pale juu yuko Indra, mungu wa mvua wa Kihindu, juu ya tembo wa vichwa vitatu, akiimwaga mvua ili kuuzima moto wa msitu wa Khandava. Mvua imechongwa kwa mistari sambamba, imelala kidogo. Chini yake mishale imesukwa pamoja ikawa dari ya kuizuia, na wanyama wanakimbia kati ya miti. Jipeni dakika kumi hapo. Kisha nendeni maktaba ya kusini, mashariki pia: Ravana, mfalme wa mapepo mwenye vichwa na mikono mingi, anautikisa mlima Kailasa, na mungu Shiva juu kabisa anaukandamiza. Mtu asiyejua pa kutazama hupita pale kwa nusu saa akasema ameona mawe mazuri tu.

Mkirudi, pitieni kijiji cha Preah Dak. Kando ya barabara wanauza sukari ya mvumo, mti uleule wa jamii ya mivumo mnayoijua. Wagema hupanda asubuhi na jioni, hukata ncha ya shada la maua na kufunga kibuyu cha mwanzi chini yake. Utomvu huchemshwa kwenye karai pana, hukorogwa hadi ugeuke uji mzito, kisha humiminwa kwenye vipete vya jani la mvumo ugande. Kugema hasa ni kazi ya kiangazi, Desemba hadi Mei, kwa hiyo Agosti msishangae mkikuta meko baridi. Sukari yenyewe ipo. Kijiji hichohicho kinajulikana kwa tambi mbichi za mchele zenye mchuzi wa samaki, chakula cha asubuhi. Kama mnakula halali tu, kuleni kabla au baada, mjini, kwenye mtaa wa Steung Thmey wenye msikiti na mikahawa ya Waislamu.

Kbal Spean nashauri mama asiende. Kivutio chake ni kitanda cha mto kilichochongwa karne ya 11, linga (nguzo fupi za mawe, alama ya Shiva) kwa mamia na mungu Vishnu aliyelala, na maji yanapita juu yake. Agosti maji yapo, na ni pazuri kweli. Lakini kuna kilomita moja na nusu za kupanda msituni, juu ya mizizi na mawe, dakika 40 au zaidi, na njia hiyohiyo ya kurudi. Watu hudhani kupanda ndiko kunakoumiza goti. Kushuka ndiko kubaya zaidi, kwa sababu msuli wa paja unalazimika kuvunja mwendo wa mwili mzima kwenye goti lililokunjwa, kila hatua. Juu ya mwamba uliolowa, hiyo ni hatari ya kuanguka mbali na gari lolote. Wewe mwenyewe ukiutamani, nenda peke yako na mama apumzike Banteay Srei, penye kivuli, vyoo na mikahawa.

Kama mnataka wote wawili kuona mto wa linga, mbadala ni Phnom Kulen, mlima ambao mwaka 802 Jayavarman wa Pili alijitangaza mfalme mkuu. Pale gari linafika karibu na mto. Tiketi yake ni ya peke yake, dola 20 kwa mgeni. Barabara ya mlimani ni nyembamba, hivyo magari hupanda asubuhi na kushuka kuanzia mchana. Ukichelewa asubuhi umekosa. Epukeni Jumamosi na Jumapili, wenyeji hujaa kwenye maporomoko.

Siku ya mashariki inahitaji uamuzi. Beng Mealea ni ya karne ya 12, ramani yake inafanana na ya Angkor Wat, ila haijajengwa upya. Msitu umeingia ndani. Inafaa kuelewa kwa nini imeporomoka vile. Wakhmer, watu wa Kambodia waliojenga mahekalu haya, hawakujenga matao ya kweli yenye jiwe la kufungia katikati. Walipanga mawe kila safu ikitokeza kidogo mbele ya iliyo chini yake hadi pande mbili zikutane, yakishikiliwa na uzito tu. Ndege huacha mbegu kwenye ufa, mzizi hushuka na kuupanua, jiwe moja hutoka, na paa lote hufuata. Mzizi uleule baadaye hushikilia ukuta uliobaki, na mti ukifa, ukuta huanguka nao. Ndiyo maana msipande juu ya lundo la mawe, hata mkiona watoto wa kijiji wanapanda na kuwaita. Kuna njia ya mbao yenye reli inayopita juu ya magofu. Ina ngazi, lakini mama anaweza kuimudu polepole, na akichoka anaweza kugeuka wakati wowote.

Koh Ker ilikuwa mji mkuu chini ya Jayavarman wa Nne na mwanawe aliyemrithi, kuanzia miaka ya 920 hadi 944. Kitu kikubwa ni Prasat Thom na piramidi yake ya tabaka saba, urefu wa mita 36, yenye ngazi ya mbao ya kupandia. Mama abaki chini. Piramidi inaonekana vizuri zaidi kutoka kwenye nyasi za mbele. Mahekalu mengine yametawanyika kando ya barabara ya mzunguko, mnashuka garini mita chache tu. Mkifika Prasat Chen mkumbuke hapo palikuwa na sanamu za wapiganaji zilizokatwa miguu na wezi na kuuzwa ng'ambo. Miguu ilibaki kwenye vitako vyake, na ndiyo iliyosaidia kuthibitisha wizi. Sanamu ya Duryodhana ilirudishwa kutoka Marekani mwaka 2014. UNESCO iliiandikisha Koh Ker kuwa urithi wa dunia Septemba 2023. Kiingilio ni dola 15, hakimo kwenye tiketi ya Angkor.

Maoni yangu: kama siku ya kaskazini imemwacha mama vizuri, nendeni Koh Ker kwanza, tokeni saa kumi na mbili kamili, kisha mrudi kupitia Beng Mealea. Kama goti limevimba, futeni Koh Ker bila kujuta. Nendeni Beng Mealea asubuhi, na wakati wa kurudi simameni Roluos, kilomita 13 kabla ya mji, mtazame Preah Ko na Bakong, mahekalu ya miaka ya 879 na 881, yanayofikika bila kutembea sana.

Kijiji cha ziwani kiwe siku ya nne, kuanzia saa nane mchana. Tonle Sap hufanya jambo la ajabu: mto mkubwa wa Mekong ukifurika, mto unaotoa maji ziwani hugeuka na kuanza kuyaingiza. Eneo la ziwa hupanda kutoka kilomita za mraba takriban 2,500 hadi 15,000 au zaidi, na kina kutoka mita moja hivi hadi tisa. Ndiyo maana nyumba za Kampong Phluk, kijiji cha nguzo cha ziwani, zina nguzo ndefu kupita kiasi. Agosti maji bado yanapanda, boti zinapita, ila msitu uliofurika haujajaa kabisa. Boti inayumba wakati wa kupanda. Mwombeni mwendeshaji aivute ubavuni na amshike mama mkono, na yeye mwenyewe akae katikati. Msikubali kupelekwa kwenye shule au kituo cha yatima, wala kununua mchele wa kutoa msaada kwenye gati. Biashara hiyo huwaweka watoto kwenye maonyesho na kuwatoa darasani.

Tiketi ya Angkor: siku moja dola 37, siku tatu dola 62, siku saba dola 72. Ya siku tatu hutumika siku zozote tatu ndani ya siku kumi, hivyo siku ya ziwa haili siku yenu. Inafunika Angkor Wat, Banteay Srei, Kbal Spean, Roluos na siku hizi Beng Mealea pia. Inunueni kwenye ofisi rasmi au tovuti yake tu. Ina picha ya uso wako na haihamishiki. Mabega na magoti yafunikwe, na hapo leso mbili za mama zitafanya kazi nzuri. Dola ziwe mpya na safi, noti yenye mchaniko hata mdogo hukataliwa. Chenji mtarudishiwa kwa riel, pesa ya Kambodia, takriban 4,000 kwa dola moja.

Mkitokea Kenya, bebeni kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Huanza kutambuliwa siku kumi baada ya kuchanjwa, kwa hiyo msiache hadi wiki ya mwisho. Viza ya mtandaoni ombeni kwenye tovuti ya serikali inayoishia na .gov.kh, mhakikishe pasipoti yenu imo kwenye orodha. Fomu ya kuwasili ya mtandaoni haina malipo.

Kuna yasiyofaa kuamuliwa kwa kusoma jibu langu. Wiki sita kabla ya safari mpeleke mama kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, ana kwa ana. Apimwe nguvu ya mapaja, afundishwe kushuka ngazi, na apewe fimbo ya urefu wake. Kama goti linakwama, linavimba bila sababu au linamwachia ghafla, amwone daktari wa mifupa kabla hamjalipia chochote zaidi. Na orodhesheni dawa zake zote.

Nasisitiza dawa kwa sababu moja. Mtu wa pwani anajua malaria, hivyo humdharau mbu wa mchana. Siem Reap na kwenye mahekalu ya Angkor hatari ya malaria ni ndogo sana. Kilichopo ni dengue, yaani kidingapopo, na mbu wake huuma mchana, tena Agosti ndio msimu wake. Pakeni dawa ya kufukuza mbu asubuhi na mrudie baada ya mvua. Ikitokea homa kali na maumivu nyuma ya macho, mama aache mara moja diclofenac, ibuprofen au aspirini anayomeza kwa ajili ya magoti, kwa sababu dawa hizo huongeza hatari ya kutokwa damu katika dengue. Kama aspirini aliandikiwa na daktari kwa ajili ya moyo, muulizeni kabla hamjasafiri afanye nini ikipanda homa. Atumie paracetamol, anywe maji mengi, na mwende hospitali kupima damu. Msidanganyike homa ikishuka siku ya tatu hadi ya saba. Hapo ndipo hali mbaya hujitokeza: tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, fizi kutoa damu, mwili kulegea. Dalili moja tu kati ya hizo inatosha kukimbilia hospitali usiku huohuo.

Mbwa au nyani akimng'ata yeyote kati yenu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mtafute chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo. Hakikisheni bima yenu inalipia kusafirishwa hadi Bangkok, kwani huko ndiko wagonjwa mahututi hupelekwa. Na homa ikimpata mmoja wenu ndani ya wiki mbili baada ya kurudi Mombasa, mwambieni daktari mmetoka Kambodia, apime malaria na dengue vyote viwili.